Chumvi Kiasi Gani kwenye Milima ya Mwezi?

Mfano wangu wa kwanza wa Mwezi ulitoka kwenye printa ya 3D baada ya siku mbili na nusu za kunguruma sebuleni. Kipenyo sentimita 20, plastiki ya kijivu, na vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo kinachouzunguka Mwezi wenyewe. Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Mpwa wangu wa miaka tisa akaupokea kwa mikono miwili, akaupapasa, akaugeuza juu chini.

"Mjomba, mbona huu mwezi hauna mashimo?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, kwa sababu mashimo yalikuwamo yote. Mwenye kosa alikuwa Mwezi.

Twende kwenye hesabu. Nusu kipenyo ya Mwezi ni kilomita 1,737.4 kwa wastani. Ukiufanya mpira wa sentimita 20, kila milimita moja ya mpira huo inabeba kilomita 17.4 za Mwezi. Sehemu ya juu kuliko zote iko upande tusiouona kutoka duniani, kilomita 10.8 juu ya wastani. Ya chini kuliko zote iko ndani ya kreta, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, inayoitwa Antoniadi, kuelekea ncha ya kusini, kilomita 9.1 chini ya wastani. Jumla ni kama kilomita 20. Kwenye mpira wangu hiyo ni milimita 1.15, na hapo tumechukua vilele na mashimo yote ya Mwezi mzima. Copernicus, kreta maarufu inayoonekana hata kwa darubini ndogo, ina upana wa kilomita 93 na kina cha kilomita 3.8. Kwenye mpira inakuwa kiduara cha milimita 5.4 chenye kina cha milimita 0.22, yaani unene wa karatasi mbili za kuchapia. Mtoto angewezaje kuipapasa?

Dunia yetu haina tofauti. Kilimanjaro, kwenye tufe la darasani la sentimita 30, ni milimita 0.14 tu. Yale matufe yenye milima inayogusika kwa kidole yametiwa chumvi, na si kidogo.

Kwa nini basi sote tunaamini Mwezi ni kitu cha makovu na miamba? Ni kazi ya jua. Elekeza darubini kwenye mwezi mpevu utaona sinia jeupe lenye madoa, halina hata shimo la maana. Utazame tena ukiwa nusu, pale kwenye mstari unaotenga giza na nuru, na kila kreta inakutolea macho. Hapo jua liko chini, karibu na upeo. Likiwa nyuzi 5 tu juu ya upeo, kivuli kinakuwa kirefu mara 11 ya kitu kinachokitoa. Kilima cha mita 500 kinatupa kivuli cha karibu kilomita 6, na jicho lako linasoma kivuli kana kwamba ni kimo.

Mtego huo uliwanasa hata mafundi wakubwa. James Nasmyth, mhandisi Mskoti anayejulikana kwa nyundo ya mvuke, alitumia miaka mingi akichora Mwezi kwa darubini, kisha akafinyanga alichokiona kwa plasta na kuipiga picha mifano hiyo juani. Picha hizo zilitoka mwaka 1874 katika kitabu alichoandika pamoja na James Carpenter, na hadi leo ukiziona unaweza kuapa zilipigwa Mwezini. Ila vilele vyake ni vya kuchoma, kama meno ya msumeno. Wanaanga wa Apollo walipofika karibu miaka mia moja baadaye walikuta vilima vya mviringo, vilivyosagwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka hadi vikawa kama vichuguu vikubwa vya vumbi.

Miaka ishirini hivi kabla ya Nasmyth, huko Bonn, Ujerumani, Thomas Dickert alitengeneza nusu tufe ya Mwezi akisimamiwa na mwanaastronomia Julius Schmidt. Skeli ilikuwa 1:600,000, kipenyo karibu mita 5.8, vipande 116 vya plasta juu ya fremu ya mbao na chuma. Mwaka 1898 ilifika Field Museum ya Chicago. Kwa nini nusu? Upande wa pili hakuna aliyewahi kuuona. Picha za kwanza zilikuja Oktoba 1959, zikiletwa na chombo cha Kisovieti, Luna 3. Kinachonivutia zaidi kwenye kazi ya Dickert ni kwamba hata kwa ukubwa huo, mfano unaolingana na nyumba ndogo, bado mwinuko ulikuzwa mara tatu. Tena waliandika wazi kwamba wameukuza. Wauzaji wengi wa leo hawaandiki.

Kwa hiyo swali la fundi halijawahi kuwa kama atie chumvi au asitie. Swali ni kiasi gani, na aitie wapi.

Ukikuza mwinuko, unabadilisha na miteremko pia. Mwaga mchanga mkavu chini: rundo litakataa kusimama wima, litatulia kwenye nyuzi kati ya 30 na 35. Kuta za kreta nyingi za Mwezi zinaishia hapohapo, kwa sababu nazo ni kifusi. Chukua mteremko wa nyuzi 30 ukauze mara 3, unakuwa nyuzi 60. Mara 10, nyuzi 80. Kreta yako sasa ni kisima cha kuchimbwa. Mtazamaji hatajua ni nini kimeharibika, lakini atahisi anaangalia kitu cha plastiki.

Tatizo la pili halitajwi sana. Mwezi una mabonde mapana mno. Bonde la kusini upande wa pili, linaloanzia ncha ya kusini hadi kreta Aitken, lina upana wa kilomita 2,500 na kina cha kilomita kama 8. Ukizidisha kila kitu mara 10, bonde hilo linabonyea milimita 4 hadi 5 kwenye mpira wako wakati nyanda za juu jirani yake zinavimba. Mpira unapoteza mviringo. Unafanana na mpira wa miguu uliopungua upepo.

Dawa niliyoizoea ni kutenganisha vimo viwili. Unachukua ramani ya mwinuko, unatengeneza nakala iliyofifishwa sana hadi kreta zote zipotee na kubaki mabonde mapana tu. Ukiitoa nakala hiyo kwenye ramani ya asili, kinachobaki ni kreta, kuta na vilima peke yake. Hivyo vidogo unavikuza mara 4, vile vipana unaviacha kama Mungu alivyoviumba, halafu unajumlisha. Mpira unabaki mviringo na Copernicus inafika karibu milimita 0.9, ambayo kidole cha mtoto kinaiona. Sidai kwamba ni ukweli mtupu, lakini kipimo chake nakijua, na ninakiandika chini ya kitako.

Data yenyewe siku hizi ni ya bure. Chombo cha NASA kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter kilirushwa Juni 2009 kikiwa na kifaa cha kupima mwinuko kwa leza. Kinapiga mipigo 28 kwa sekunde, kila mpigo ukigawanywa miali mitano, na muda ambao mwanga unachukua kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Mabilioni ya vipimo hivyo yameunganishwa kuwa ramani. Kifupi cha jina la kifaa hicho ni LOLA, na kwa sadfa tu LOLA lilikuwa pia jina la mradi wa NASA wa miaka ya 1960 huko Langley, Virginia. Humo wasanii walipaka kwa brashi mpira wa Mwezi wa kipenyo cha mita 6, na kamera iliyopita kwenye reli ikawa inawaonyesha marubani jinsi Mwezi utakavyoonekana wakiukaribia. LOLA ya kwanza ilitegemea mkono wa mchoraji, ya pili inamsahihisha.

Watu wengi hukimbilia faili kubwa kuliko yote, kompyuta inaganda, wanakata tamaa. Pima kwanza. Mzingo wa mpira wa sentimita 20 ni milimita 628. Tundu la kawaida la printa ya plastiki ni milimita 0.4. Basi printa haiwezi kuandika zaidi ya nukta 1,570 kuuzunguka mpira. Ramani ndogo kabisa ambayo NASA inaitoa kwa kazi hii ina pikseli 4 kwa kila nyuzi, jumla 1,440 kuzunguka Mwezi. Inatosha karibu kabisa. Faili kubwa waachie wanaotengeneza kipande kimoja cha Mwezi kwa ukaribu.

Wenye vipande nao wana mtego wao. Ukiihifadhi ramani ya mwinuko kama picha ya kawaida ya kijivu, unabaki na ngazi 256 tu za rangi. Gawanya kilomita 20 kwa 256: kila ngazi ni mita 78. Kwenye mpira mdogo hakuna atakayeona. Lakini tengeneza kreta Tycho peke yake kwa skeli ya 1:500,000, upana wa sentimita 17, na kila ngazi inakuwa milimita 0.16. Kuta zinatoka na matuta kama shamba la Lushoto. Kinachochanganya zaidi ni kwamba Tycho ina matuta yake ya kweli, kwa hiyo unaweza kuusifia uongo ukidhani ni jiolojia. Hifadhi kwa biti 16, zenye ngazi maelfu kwa maelfu, na tatizo linaisha.

Sasa kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Mtu anachukua picha ya Mwezi, anaipa programu na kuiambia: palipo peupe inua, palipo peusi shusha. Ubaya wa kosa hili ni kwamba kwa upande unaotutazama linakaribia kupatia. Yale madoa meusi tunayoyaita bahari ni lava iliyojaa kwenye mabonde makubwa, hivyo ni meusi na pia ni ya chini. Unautazama mfano, unaona bahari zimezama, unaridhika. Kisha macho yanafika Tycho. Kreta hiyo imezungukwa na michirizi myeupe iliyotawanyika zaidi ya kilomita 1,500, vumbi lililorushwa na mgongano. Michirizi hiyo haina kimo cha kutajwa, ni rangi tu. Kwenye mfano uliofanywa kwa picha inasimama kama mizizi ya mbuyu. Ukiugeuza mpira upande wa pili, lile bonde la kilomita 2,500 limepotea karibu lote, kwa kuwa halikuwahi kuwa jeusi sana. Na kama picha ilipigwa jua likiwa upande, kila kreta inapata ukuta mmoja ulioinuka na mwingine uliozama.

Zile taa za mwezi zinazouzwa madukani ni habari nyingine, tusizionee. Taa imewekwa ndani, na unene wa plastiki ndio unaoamua mwanga upite kiasi gani. Pa giza lazima pawe pazito. Kwa hiyo bahari, ambazo ni za chini, kwenye taa ndizo zenye nyama nyingi. Ile ni picha iliyochapwa kwa unene, haikukusudiwa kuwa ramani ya milima. Iwashe, ifurahie, usiifundishie jiografia.

Kwa anayefinyanga kwa mkono, jambo la kujua kuliko yote ni tofauti ya bakuli na sinia. Kreta za Mwezi zenye upana wa chini ya kilomita 15 hivi ni bakuli. Kina chake ni kama moja ya tano ya upana. Zikizidi hapo, kuta zinashindwa kujibeba. Zinaporomoka kwa ndani ngazi kwa ngazi, sakafu inatanda, na katikati ardhi iliyogandamizwa inaruka juu na kuacha kilima. Tycho ina upana wa kilomita 85 na kina cha 4.8, yaani moja ya kumi na nane. Copernicus ni moja ya ishirini na nne. Hilo ni sinia la pilau lenye kirundo katikati. Aliyesimama ukingoni Ngorongoro anaweza kukisia: upana wa kilomita kama 20, kina cha mita 600 hivi, na ukiwa chini unahisi uko kwenye uwanda wenye ukuta wa mbali. Ngorongoro ilizaliwa na volkano iliyojiangukia wala si kimondo, lakini kwa umbo inafundisha.

Wafinyanzi wengi hubonyeza gololi tu, kubwa na ndogo, na kila kreta inatoka bakuli. Gololi ni sawa kwa ndogo. Kwa kubwa tumia kizibo cha soda: chini tambarare, na ule ukingo wenye meno unaacha mikunjo inayofanana ajabu na kuta zilizoporomoka. Punje ya mchele katikati inatosha kuwa kilima. Na usizifanye za yai. Kimondo kinafika kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa sekunde na kulipuka, na mlipuko unachimba duara hata kama kimekuja kwa upande, isipokuwa kimekuja kwa kulala sana.

Mpangilio nao una maana. Anza na mabonde makubwa ya zamani, yajazie kreta hadi pasiwe na nafasi, halafu mimina plasta nyepesi kwenye mabonde ili ifunike yaliyomo. Hizo ndizo bahari, nazo zipige kreta chache tu, kwa sababu zimepata muda mfupi zaidi wa kupigwa. Tycho iwe ya mwisho kabisa. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 108, na kwa Mwezi huo ni utoto. Ukifuata mpangilio huu, kreta zinakatana zenyewe kama inavyotakiwa, kubwa za zamani zikiwa zimeliwa na ndogo za juzi.

Sheria hizi zote ni za Mwezi wetu. Sayari nyingine zina miezi inayodai kiasi kingine cha chumvi. Europa ya Mshtarii ina kipenyo cha kilomita 3,122, na sehemu kubwa ya barafu yake inapanda na kushuka kwa mita mia chache tu. Kwa mpira wa sentimita 20, mita 300 ni milimita 0.02. Weka printa kando, chukua brashi. Mimas ya Zohali, kwa upande mwingine, ina kipenyo cha kilomita 396 tu, na kreta yake Herschel ina upana wa kama 130 na kina cha 10. Kwa ukubwa uleule wa mpira, Herschel ni shimo la sentimita 6.6 lenye kina cha milimita 5, bila chumvi yoyote. Dunia ndogo ina mvutano mdogo, na mvutano mdogo unaruhusu milima isimame kuliko ukubwa wa mwenye nayo.

Phobos ya Mirihi ni ndogo hata haikuweza kujikunja kuwa mpira: kilomita 27 kwa 22 kwa 18. Hapo huanzi na duara na kulipandisha milima. Unahitaji umbo zima lililopimwa kutoka kwenye picha za vyombo vya anga. Kwa skeli ya 1:200,000 inakaa kiganjani kama kiazi cha sentimita 13, na kreta Stickney, iliyopewa jina la Angeline Stickney, mke wa Asaph Hall aliyeugundua mwezi huo mwaka 1877, inapokea vidole viwili bila shida.

Nirudi kwenye mpira wangu uliokataliwa. Mambo mawili ya uchapaji niliyajua kwa kuumia. Kwenye kilele cha mpira, printa inayopanda kwa tabaka za milimita 0.2 inaacha kisahani bapa cha milimita 12 na ushee, kipana kuliko Copernicus mbili zikiwa bega kwa bega. Kwa hiyo uso wa Mwezi usiuelekeze juu. Ziache ncha zake ziwe juu na chini, uso uwe ubavuni. Pili, printa huacha mshono inapoanzia kila tabaka. Wangu ulikatiza Bahari ya Utulivu toka juu hadi chini, kana kwamba Mwezi umefanyiwa upasuaji. Mshono upeleke upande wa pili.

Rangi haina siri kubwa. Mwezi unarudisha asilimia kama 12 tu ya mwanga unaoupata, sawa na lami iliyochakaa. Weupe tunaouona ni kwa sababu ya weusi wa anga nyuma yake. Paka kijivu kisichong'aa hata kidogo. Waundaji wa mifano ya magari wana desturi ya kupitisha wino mweusi kwenye mashimo ili yaonekane. Hapa usithubutu: kreta changa ndani yake ni nyeupe zaidi, kwa kuwa mgongano umefukua udongo mpya.

Nilipomaliza kuupaka, nikauweka mezani usiku, nikazima taa. Nikashika tochi mbali kidogo upande wa kulia, kwa usawa wa mpira, mwanga ukiukwaruza uso kutoka mashariki. Mistari ya tabaka ikapotea, kwa sababu inakwenda sambamba na mwanga na haina pa kutupa kivuli. Copernicus, milimita 0.22 bila kukuzwa, ikatupa kivuli cha milimita mbili na nusu. Mpwa wangu akasogeza kiti, akainamisha kichwa hadi pua ikakaribia kugusa plastiki.

"Kumbe yamo."